Uniti Moja ya Umeme na Bei Yake

Mnamo mwezi Novemba 2011 Shirika la Umeme Tanzania, TANESCO, liliwasilisha mbele ya Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, ombi la kupandisha bei ya umeme kwa asilimia 155. Maana yake ni kwamba umeme uliouzwa kwa shilingi 100 uuzwe kwa shilingi 255. Mamlaka ilisikiliza, ikapiga hesabu zake, ikakubali asilimia 40.29 kuanzia tarehe 15 Januari 2012. Haikupita miaka miwili shirika likarudi: safari hii liliomba asilimia 67.87, likapewa asilimia 39.19 kuanzia tarehe 1 Januari 2014. Mwaka 2016 likaomba tena, asilimia 18.19.

Kila mara maombi ya namna hii yanapotangazwa, husikika maelezo mawili mitaani: kwamba shirika lina tamaa, au kwamba linaendeshwa kizembe. Uzembe katika mashirika ya umma si jambo la kukanwa, na Bunge lenyewe limeujadili mara nyingi. Hata hivyo, asilimia 155 si namba iliyookotwa. Sehemu kubwa ya namba hiyo ina asili yake katika fizikia ya maji na ya joto, na mwanafunzi wa kidato cha tatu anayo elimu ya kutosha kuifuatilia hatua kwa hatua.

KILICHOMO NDANI YA UNITI

Kitu anachonunua mteja si nguvu ya umeme bali ni nishati. Nguvu ni kasi ya kufanya kazi, nayo hupimwa kwa wati. Nishati ni jumla ya kazi iliyofanyika, nayo hupimwa kwa juli. Kifaa cha wati 1,000 kikifanya kazi kwa saa moja hutumia nishati ya wati 1,000 mara sekunde 3,600, yaani juli 3,600,000. Kiasi hicho ndicho kiitwacho kilowati-saa moja, na ndicho watu wote wanaojaza umeme katika mita zao huita uniti.

Juli milioni tatu na laki sita ni kazi kiasi gani? Na afikiriwe mtu mwenye kilo 70, amebeba mzigo wa kilo 20, anaupanda mlima Kilimanjaro kutoka lango la Marangu hadi kilele cha Uhuru. Kimo anachopanda ni takriban mita 4,000. Kazi aliyoifanya dhidi ya mvutano wa dunia ni kilo 90 mara 9.8 mara 4,000, yaani juli 3,528,000. Siku tano au sita za jasho, baridi na kukosa pumzi hazifikishi uniti moja. Uniti hiyohiyo, kwa bei zilizowekwa na agizo la EWURA la mwaka 2016, mteja wa kawaida wa nyumbani aliipata kwa shilingi 292 kabla ya kodi. Ni vyema kulikumbuka jambo hili kabla ya kusema kwamba umeme ni ghali. Ughali na urahisi hutegemea kinacholinganishwa.

Hesabu hiyo yaweza kugeuzwa. Maji yanayoanguka hufanya kazi ile ambayo mpandaji aliifanya kwa kupanda. Mahali ambapo maji huanguka mita 100, tani moja ya maji hutoa juli 980,000. Kwa hiyo, ukitoa na kiasi kinachopotea katika mitambo, uniti moja huhitaji takriban tani nne za maji. Katika mtambo wa Kihansi, ambako maji huteremka zaidi ya mita 800 ndani ya mlima, takriban nusu tani yatosha. Ndiyo sababu mto Kihansi, ambao si mkubwa hata kidogo ukilinganishwa na Ruaha Mkuu, umeweza tangu mwaka 2000 kuendesha mitambo ya megawati 180.

Tani nne za maji ya mvua hazina bei. Hazinunuliwi wala haziagizwi kutoka ng'ambo. Katika neno hilo "hazinunuliwi" ndimo kilimolala kiini cha habari yote hii.

MVUA INAPOKOSEKANA

Tangu mtambo wa Hale wa megawati 21 ulipofunguliwa mwaka 1964, na hasa baada ya Kidatu kuanza mwaka 1975 na kufikia megawati 204 baadaye, Tanzania ilikuwa nchi ya umeme wa maji. Bwawa la Mtera lilijengwa kwanza kama ghala la kuihifadhia Kidatu maji ya masika. Mtambo wa Mtera wenyewe, wa megawati 80, ulikuja mwaka 1988. Ghala hilo hujaa maji yanapofika mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na hairuhusiwi kuendesha mtambo maji yakishuka chini ya mita 690. Pana tofauti ya mita nane na nusu tu, na uchumi wa nchi ulikuwa ukipanda na kushuka ndani yake. Mwaka 2006, na tena mwaka 2011, mvua zilikosekana katika maeneo yanayolisha Mtera, na mgawo wa umeme ukaingia.

Maji yakikosekana, hubaki kuchoma mafuta. Hapa sheria za joto hazina huruma. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa nishati ya joto kiasi cha juli milioni 36, yaani uniti 10. Lakini hakuna injini iwezayo kugeuza joto lote kuwa kazi. Sehemu kubwa hapana budi itupwe nje pamoja na moshi na maji ya kupoza. Injini nzuri ya dizeli hugeuza kiasi cha asilimia 35 hadi 40. Kwa hiyo lita moja hutoa uniti tatu na nusu, pengine nne. Chukulia lita inauzwa shilingi 2,000, na uniti tatu na nusu kwa lita: mafuta pekee yatagharimu takriban shilingi 570 kwa kila uniti, kabla ya kulipia injini, fundi, nguzo na waya. Hata ile bei ya shilingi 292, iliyokuja miaka kadhaa baadaye, ni nusu na ushei tu ya gharama hiyo.

Mfano wa kubuni utaonyesha jinsi jambo hili linavyoikokota bei. Na iwepo wilaya yenye mtambo mdogo wa maji uliogharimu shilingi milioni 1,000 na unaotazamiwa kudumu miaka 40. Kila mwaka ni lazima zitengwe shilingi milioni 25 kwa ajili ya uchakavu, ili siku mtambo utakapokufa pawepo fedha za kuununua mwingine. Waliotoa mtaji, wawe benki au Serikali, wanataka asilimia 6, yaani milioni 60. Mishahara na matengenezo ni milioni 15. Jumla ni shilingi milioni 100. Mtambo ukiuza uniti 400,000 kwa mwaka, kila uniti itagharimu shilingi 250.

Sasa mvua ipungue, mtambo uzalishe uniti 300,000 tu, na zile 100,000 zilizobaki zitolewe na jenereta ya dizeli kwa shilingi 570 kila moja. Gharama za mwanzo hazipungui hata senti moja, maana bwawa lenye maji kidogo linadaiwa sawasawa na bwawa lililojaa. Jumla inakuwa milioni 157, na uniti moja inafika shilingi 392 na ushei. Robo tu ya umeme ilibadilika asili yake, na bei ikapanda kwa takriban asilimia 57, bila ya mtu yeyote kuiba wala kuzembea.

Kanuni anayoitumia mdhibiti wa bei popote duniani haina tofauti kubwa na hesabu ya wilaya hiyo: gharama za uendeshaji, jumlisha uchakavu, jumlisha mafuta na umeme ulionunuliwa kwa wengine, jumlisha faida halali juu ya mtaji, kisha gawanya kwa uniti zinazotazamiwa kuuzwa. Mabishano yote ya kwenye mikutano ya hadhara yahusu ukubwa wa kila kipengele, na hasa swali la kipengele kipi kilistahili kuwapo. Tofauti kati ya asilimia 155 zilizoombwa na 40.29 zilizokubaliwa ilitokana na maswali ya aina hiyo.

MTAMBO WA KUKODI

Kipengele kimoja kimewachanganya wananchi kuliko vingine vyote. Kampuni binafsi inapojenga mtambo na kuliuzia shirika umeme, mkataba huwa na malipo ya namna mbili: malipo ya uniti zilizotolewa, na malipo ya uwezo. Haya ya pili hulipwa kila mwezi hata mtambo ukikaa kimya. Mfano wake ni basi lililokodiwa kwa ajili ya harusi. Hata bwana harusi akiahirisha safari, mwenye basi atadai siku zake, kwa kuwa amelizuia basi lisiende kwingine. Utaratibu huo wenyewe si wizi. Mtambo wa akiba una kazi yake, kama ilivyo kazi ya mtungi wa maji unaowekwa mlangoni kwa hofu ya moto.

Balaa huanza mkataba unapofanywa wakati wa giza na kiwewe. Mnunuzi aliye katikati ya mgawo hana nguvu ya kupatana bei, na mkataba aliotia saini katika mwezi wa ukame huendelea kumdai katika miaka ya mafuriko. Mkataba wa mtambo wa megawati 100 wa Tegeta ulitiwa saini mwaka 1995, na mtambo ukaanza kuzalisha mwaka 2002. Hesabu za malipo yake ya uwezo zilibishaniwa kwa miaka mingi, hata mbele ya baraza la usuluhishi la kimataifa. Mjadala wa Richmond ulimfanya Waziri Mkuu ajiuzulu mwezi Februari 2008, na ule wa akaunti ya Tegeta Escrow ulilitikisa Bunge mwaka 2014. Mambo hayo yamekwisha andikwa sana, wala si kazi ya makala ya sayansi kuyarudia. Ila mwanafunzi atambue kwamba gharama ya mkataba mbaya huingia katika kanuni ileile iliyotajwa juu, na hugawanywa kwa uniti zilezile.

UMEME UNAOPOTEA NJIANI

Kidatu ni mbali na Dar es Salaam, na waya, hata ukiwa wa namna gani, una ukinzani. Mkondo unapopita hupasha waya joto, na joto hilo ni umeme uliokwisha zalishwa na kulipiwa ambao hautamfikia mteja. Nguvu inayopotea ni sawa na kipeo cha pili cha mkondo mara ukinzani. Neno la kutilia mkazo ni "kipeo cha pili": mkondo ukiongezeka mara mbili, hasara huongezeka mara nne.

Mtaa mmoja unahitaji wati 23,000, na waya unaoufikia una ukinzani wa omu 0.5. Umeme ukipelekwa kwa voliti 230, mkondo utakuwa ampea 100, na hasara itakuwa 100 mara 100 mara 0.5, yaani wati 5,000. Zaidi ya moja ya tano imegeuka joto la kuwapasha ndege miguu. Ukipelekwa kwa voliti 11,000, mkondo ni ampea mbili na ushei, na hasara kwenye waya uleule ni wati mbili na kitu. Kwa hiyo njia kuu za nchi huwa na voliti 220,000, na siku hizi zipo za 400,000. Na kwa hiyo pia transfoma, ambayo wengi huiona kama pipa la chuma lisilo na maana juu ya nguzo, ndicho chombo kinachofanya umeme wa mbali uweze kununulika.

Hasara nyingine haina fizikia ndani yake: ni ya mita zilizochezewa na nyaya zilizounganishwa usiku. Kwa upande wa bei aina zote mbili ni mamoja. Ikiwa katika kila uniti 100 zinazozalishwa zinafika na kulipiwa 82 tu, basi hizo 82 zitabeba gharama za 100, na kila mteja mwaminifu atalipa kiasi cha asilimia 22 zaidi. Hapa mdhibiti ana uamuzi mgumu. Akikubali hasara yote iingizwe katika bei, shirika halitakuwa na sababu ya kubadilisha nyaya chakavu wala kuwasaka wezi. Akikataa yote, shirika litakosa fedha za kununulia nyaya hizo. Kwa kawaida huweka kiwango kinachoshuka mwaka hadi mwaka, na ziada ya hapo shirika hulibeba lenyewe.

VIWANDA

Wateja wakubwa huuziwa kwa namna mbili kwa pamoja. Kwa agizo la 2016, kiwanda cha kundi la T2 kilipaswa kulipa shilingi 195 kwa uniti, na juu yake shilingi 15,004 kwa kila kilovoltiampea ya mahitaji yake ya juu kabisa katika mwezi. Sababu ni kwamba mota na transfoma huvuta mkondo ambao haufanyi kazi yote. Sehemu yake huenda na kurudi tu kati ya kiwanda na mtambo, ikizijaza nyaya bure. Kiwanda chenye kazi ya kilowati 100 ambacho uwiano wake ni 0.7 huvuta kilovoltiampea 143. Kikiweka kapasita na kuupandisha uwiano hadi 0.95 kitavuta 105. Kitaokoa zaidi ya shilingi 560,000 kila mwezi. Walimu wa fizikia wanaoulizwa na wanafunzi kapasita zina kazi gani nje ya redio wanalo jibu hapa.

UNITI YA SABINI NA SITA

Mpaka hapa gharama zimejumlishwa. Limebaki swali la nani alipe kiasi gani, nalo si la sayansi peke yake. Nchi nyingi, Tanzania ikiwamo, zimeamua kwamba nyumba zitumiazo umeme kidogo ziuziwe kwa bei ya chini ya gharama, na pengo lizibwe na wengine. Kwa agizo la 2016, nyumba ya kundi la D1, yaani ile isiyozidi wastani wa uniti 75 kwa mwezi, ilitozwa shilingi 100 kwa uniti. Kila uniti iliyozidi 75 ilitozwa shilingi 350. Aliyezoea kuvuka mpaka huo alihesabiwa katika kundi la T1, la shilingi 292 kwa kila uniti tangu ya kwanza. Juu ya bei hizo ziliongezwa kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18, mchango wa nishati vijijini asilimia 3, na tozo ya mdhibiti asilimia 1. Jumla asilimia 22. Uniti ya D1 ikawa shilingi 122, na ya T1 ikawa shilingi 356 na senti 24. Ndiyo maana mteja wa T1 aliyelipa shilingi 10,000 alipewa uniti 28 na nukta. Hesabu hiyo yaweza kufanywa ubaoni kwa dakika moja, lakini wengi wameishi nayo miaka bila kujua ilikotoka. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo nayo hukatwa kupitia mita hizohizo, ingawa haina uhusiano wowote na gharama za umeme; mtu akiona uniti zimepungua ghafla, pengine ni kodi hiyo, si bei iliyopanda.

Nia ya kundi la D1 ni njema. Lakini mpaka wake ni mkali kama ukingo wa kisima. Nyumba inayotumia uniti 74 kwa mwezi italipa shilingi 9,028. Ikinunua jokofu dogo la kuuzia barafu, ikafikia uniti 80 kila mwezi na kuhamishiwa T1, italipa takriban shilingi 28,500. Uniti sita zimezidisha malipo mara tatu. Mama aliyetaka kujiongezea kipato kwa barafu amekuta faida yake imeliwa na mpaka aliouvuka bila kuuona.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi, wala haionekani katika vitabu vya shirika. Mita huhesabu nyumba, haihesabu watu. Katika Manzese, Tandale au Mwananyamala, nyumba moja ya kupanga yaweza kuwa na familia nne zinazochangia mita moja. Kila familia inatumia taa, redio, televisheni na pasi, kiasi cha uniti 40 kwa mwezi. Ni watumiaji wadogo hasa, ndio waliokusudiwa na bei nafuu. Lakini mita inasoma 160. Nyumba inahesabiwa T1, inalipa takriban shilingi 57,000, na kila familia inachangia 14,250. Kama kila moja ingekuwa na mita yake, ingelipa shilingi 4,880. Kwa upande mwingine, mtu mwenye nyumba ya mapumziko ufukweni anayoilala siku chache kwa mwezi anaweza kupata bei ya maskini bila kuiomba. Hivyo msaada uliotungwa kwa ajili ya wanyonge huwapita wanyonge waliobanana, ukamfikia yeyote ambaye mita yake inazunguka polepole. Kusema kweli, jambo hili lingestahili nafasi kubwa zaidi katika mabishano ya bei kuliko mishahara ya wakurugenzi, ambayo hata ikifutwa yote haiwezi kuishusha uniti kwa shilingi nyingi.

BEI ILIYOZUIWA

Yako pia makosa ya upande wa pili. Ombi la mwaka 2016 lilikubaliwa kwa asilimia 8.53, bei mpya ianze tarehe 1 Januari 2017. Haikuanza: Waziri aliisimamisha, na siku hiyohiyo ya mwaka mpya Mkurugenzi Mtendaji wa shirika akaondolewa na Rais. Watu wengi walishangilia, na sababu za kushangilia zilikuwapo. Lakini gharama iliyokataliwa kuingia katika bei haiyeyuki. Huingia katika deni la shirika kwa wauzaji wa gesi, au katika ruzuku ya Hazina inayolipwa na mwananchi ambaye hajawahi kuwa na nguzo kijijini kwake, au katika transfoma iliyopaswa kubadilishwa mwaka huu ikaachwa hadi itakapoungua. Tofauti ni kwamba malipo ya namna hii hayana risiti.

Wanafunzi wengi huuliza kama bei itashuka sasa kwa kuwa Bwawa la Julius Nyerere limekamilika. Mtambo wake wa kwanza ulianza kuzalisha mwaka 2024, na mwaka 2025 mitambo yote tisa, ya megawati 235 kila mmoja, ilikuwa tayari: jumla megawati 2,115. Mkataba wa ujenzi ulikuwa wa takriban shilingi trilioni 6.5, na uzalishaji uliokusudiwa ni takriban uniti bilioni 6 kwa mwaka. Ile hesabu ya wilaya ya kubuni yafaa kurudiwa. Trilioni 6.5 zikigawanywa kwa miaka 40 ni shilingi bilioni 162.5 kwa mwaka, au kiasi cha shilingi 27 kwa uniti. Ikiwa Serikali iliyotoa mtaji itataka pia asilimia 6, hiyo ni bilioni 390, yaani shilingi 65 nyingine. Uniti ikitoka bwawani itakuwa ya shilingi 27 au ya shilingi 92, kabla ya uendeshaji na kusafirishwa, kulingana na kama Taifa linauhesabu mtaji huo kuwa sadaka au mkopo. Fizikia haiwezi kujibu swali hilo. Namba zote mbili, hata hivyo, ziko mbali sana chini ya zile 570 za dizeli.

Pana jambo moja la kuangaliwa kwenye ramani ya mito. Ruaha Mkuu, unaopita Mtera na Kidatu, na Kilombero, unaopokea maji ya Kihansi, yote ni matawi ya Rufiji. Na bwawa jipya limejengwa juu ya Rufiji penyewe, chini ya maungano hayo. Mitambo minne mikubwa ya maji ya nchi hii inakunywa katika bonde moja. Bwawa la Nyerere lina nafasi ya mita za ujazo zaidi ya bilioni 30, ghala ambalo Mtera haliwezi hata kulikaribia, na kwa hiyo mwaka mmoja wa ukame hautalitisha kama ulivyoitisha Mtera. Miaka miwili au mitatu mfululizo ni habari nyingine. Mitambo ya gesi ya Ubungo na Kinyerezi, iliyolishwa na gesi ya Songo Songo tangu mwaka 2004 na ya Mtwara tangu mwaka 2015, itaendelea kuhitajika, na wateja wataendelea kuilipia hata katika miezi ambayo inapumzika.

KAZI YA DARASANI

Sheria inaitaka EWURA ipokee maoni ya wananchi kabla ya kuamua ombi la bei, na mikutano hiyo huwa wazi kwa yeyote. Mwanafunzi anayetaka kwenda huko na hesabu yake mwenyewe aanze na mita ya nyumbani. Usoni mwa mita ya LUKU mna taa ndogo nyekundu inayopepesa, na kando yake pameandikwa idadi ya mipepeso kwa kila uniti. Katika mita nyingi ni 1,000. Ihesabiwe mipepeso ya dakika sita, yaani sehemu ya kumi ya saa. Idadi hiyo izidishwe kwa 10, kisha igawanywe kwa 1,000: jibu ni kilowati zinazotumika wakati huo. Pasi ya wati 1,000 ikiwa imeshika moto itatoa mipepeso 100 katika dakika hizo.

Jaribio lirudiwe usiku wa manane, watu wote wamelala na taa zote zimezimwa. Mara nyingi mita bado itapepesa. Mipepeso mitano katika dakika sita ni wati 50: televisheni iliyozimwa kwa rimoti tu, king'amuzi, chaja zilizosahauliwa ukutani. Wati 50 kwa saa 720 za mwezi ni uniti 36, karibu nusu ya zile 75. Vifaa vichomolewe kimoja kimoja, mita ikihesabiwa kila mara, mpaka chenye hatia kipatikane.